Namna ya Kusomea Kazi ya Ambulensi Ukiwa Nakuru, Kisumu au Magharibi mwa Kenya

Kijana anayetaka kusomea kazi ya kuhudumia wagonjwa ndani ya ambulensi huuliza kwanza habari za karo, kisha alama za KCSE, kisha mshahara. Maswali hayo ni ya haki na nitayagusa, lakini liko moja linalopaswa kuyatangulia yote: katika chuo hiki, mwanafunzi atakaa saa ngapi ndani ya gari na saa ngapi katika kasualti, yaani idara ya dharura ya hospitali, mikono yake ikiwa juu ya mgonjwa aliye hai? Nimefanya kazi hii kwenye barabara za Nakuru, Kericho na Kisumu kwa miaka kadhaa, na kila ninapopokea mwanafunzi wa atachimenti, yaani mafunzo ya vitendo kazini, huwa najua kabla ya saa sita mchana kama chuo chake kilimpa saa hizo au kilimpa karatasi za kukariri. Hatua zilizo hapa chini zinaanzia siku unapoanza kulifikiria jambo hili, na zinaishia zamu yako ya kwanza ya kuajiriwa.

Hatua ya kwanza: Ijue kazi kabla ya kulipa chochote

Wengi wanaijua ambulensi kwa king'ora na ajali. Ajali zipo, na upande wetu zimetuumiza sana: mteremko wa Salgaa, Sachangwan, na makutano ya Londiani, ambako tarehe 30 Juni 2023 lori lilikosa mwelekeo likaparamia matatu na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara, watu zaidi ya 50 wakafa. Hata hivyo, siku nyingi ambulensi ya kaunti haiendi kwenye ajali, inabeba rufaa. Ni mama aliyeshikwa na uchungu tangu jana katika zahanati isiyo na chumba cha upasuaji. Ni mtoto mwenye malaria kali aliyeshikwa na degedege. Ni mzee wa kisukari aliyekutwa amelala na haamki. Ni kijana wa boda boda aliyeanguka bila helmeti na sasa anatapika na kurudia swali lile lile. Asiyependa kukaa saa mbili kando ya mama mjamzito akimpima presha kila baada ya muda mfupi, huku barabara ikiwa na mashimo na dereva akiwa kimya, hataipenda kazi hii hata akipenda king'ora namna gani.

Fahamu pia kazi hii inasimamiwa na sheria gani, kwa maana utaihitaji mlangoni mwa hospitali. Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inasema kwamba mtu hatanyimwa matibabu ya dharura, na Jedwali la Nne la Katiba hiyo linaziweka huduma za ambulensi katika majukumu ya serikali za kaunti. Sheria ya Afya ya 2017 inaenda mbele zaidi na kueleza kwamba matibabu ya dharura yanajumuisha huduma ya kabla ya hospitali, kuituliza hali ya mgonjwa, na kumpangia rufaa. Kwa hiyo unapofika na mgonjwa anayevuja damu na karani akauliza amana kwanza, hutahitaji kugombana naye. Utahitaji kulijua jambo hilo kwa utulivu na kumwomba msimamizi wa zamu.

Kuhusu ngazi za kazi, ya chini kabisa ni huduma ya kwanza, ambayo ni kozi ya siku chache na si ajira. Inayofuata ni mhudumu wa tiba ya dharura, anayejulikana zaidi kwa herufi EMT, ambaye hufungua njia ya hewa, hutoa oksijeni, huzuia damu, hufunga mabanzi, humzalisha mama na humsafirisha mgonjwa kwa usalama. Juu yake ziko ngazi za kati, na juu kabisa ni paramediki, ambaye husoma mchoro wa umeme wa moyo, hutoa dawa nyingi zaidi kwa mshipa na huweza kuingiza mpira kwenye njia ya hewa ya mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe. Ushauri wangu ni kwamba usiruke ngazi. Paramediki ambaye hakupata kubeba machela akiwa EMT hujulikana upesi sana.

Hatua ya pili: Jitolee kwanza

Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya, ambalo lipo kwa sheria ya bunge tangu 1965, lina matawi Nakuru na Kisumu na huandikisha watu wa kujitolea. St John Ambulance nalo limekuwa likifunza huduma ya kwanza nchini tangu zama za ukoloni. Chukua kozi ya huduma ya kwanza katika mojawapo, kisha jitolee kwenye mashindano ya shule, mbio za barabarani, mikutano mikubwa ya hadhara, na kama uko karibu na Naivasha, msimu wa Safari Rally. Miezi mitatu ya kujitolea itakuonyesha mambo mawili ambayo hakuna karo inayoweza kukuonyesha: kama unaweza kuitazama damu na ukaendelea kufikiri, na kama unaweza kuzungumza na mtu mwenye hofu bila wewe kupandisha sauti. Ukizimia mara ya kwanza, kaa chini, kunywa maji, rudi wiki ijayo. Nimewaona waliozimia siku ya kwanza ambao leo ni wahudumu hodari. Wanaonipa wasiwasi ni wale wanaotoa simu ili wapige picha.

Hatua ya tatu: Andaa karatasi na mwili

Utahitaji cheti cha KCSE au karatasi ya matokeo, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, na kwa waajiri wengi cheti cha tabia njema kinachoombwa kupitia eCitizen. Alama ya kuingilia hutofautiana kati ya chuo na chuo na kati ya ngazi na ngazi, lakini biolojia, kemia na lugha huangaliwa karibu kila mahali.

Jambo linalosahauliwa ni chanjo ya homa ya ini aina ya B. Hutolewa kwa dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza na ya tatu mwezi wa sita, kwa hiyo anayengoja hadi wiki ya kwenda wodini ataingia akiwa na kinga nusu. Ianze sasa. Anza pia kuimarisha miguu na mgongo. Wagonjwa hawaangukii kwenye lami peke yake. Wako orofa ya nne ya jengo lisilo na lifti mtaa wa Kondele, wako bondeni chini ya shamba la chai, na machela hubebwa na watu wawili wanaokunja magoti na kuuacha mgongo umenyooka.

Hatua ya nne: Chagua chuo kwa macho yako

Hapa ndipo pesa za wazazi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chuo cha Mafunzo ya Tiba cha Kenya, KMTC, kina kampasi Nakuru, Kisumu, Kakamega na Eldoret, na ni busara kuanza kwa kuuliza huko ni kozi gani za dharura zinazotangazwa mwaka huu na katika kampasi ipi. Viko pia vyuo vya binafsi, na vingine ni vizuri kweli. Chuo chochote cha ufundi kinapaswa kuwa kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya elimu ya ufundi ya 2013. Omba kuona cheti cha usajili, na uhakikishe kwamba kozi unayoitaka imo, wala si jina la chuo peke yake. Kisha uliza kuhusu KCEMT, baraza la wahudumu wa tiba ya dharura wa Kenya: je, wahitimu wa chuo hiki hukubaliwa nalo, na ni wahitimu wa mwaka gani ambao ninaweza kuzungumza nao? Chuo kinachojiamini kitakupa namba za simu kabla hujamaliza sentensi.

Baada ya karatasi, omba uonyeshwe chumba cha mazoezi. Usikubali kuonyeshwa picha. Hesabu sanamu za kufanyia mazoezi ya kubonyeza kifua, kisha ugawanye idadi ya wanafunzi wa darasa moja kwa idadi hiyo; sanamu moja kwa wanafunzi 30 maana yake ni kwamba utalibonyeza kwa dakika tatu katika muhula mzima. Angalia kama sanamu ya mtoto mchanga ipo. Fungua mtungi wa oksijeni na usikilize kama una hewa ndani au ni pambo. Tazama kola za shingo: zikiwa bado zimo ndani ya plastiki zake, hakuna anayezitumia.

Mwisho, uliza swali lile la mwanzo. Mwanafunzi hupelekwa hospitali gani, kwa wiki ngapi, chini ya usimamizi wa nani, na je, yako makubaliano yaliyoandikwa kati ya chuo na hospitali hiyo? Upande wetu zipo hospitali kubwa zinazopokea kila aina ya dharura: Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga kule Kisumu, ambayo wazee bado wanaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, hospitali ya rufaa ya kaunti ya Nakuru, ile ya Kakamega, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi mjini Eldoret. Ukiambiwa "hilo mwanafunzi hujitafutia mwenyewe," ondoka kwa heshima.

Karo haina kiwango kimoja. Ulizeni mapema kuhusu basari ya NG-CDF (mfuko wa eneo bunge) na ya kaunti, na kwa vyuo vinavyotambuliwa, mkopo wa HELB pia upo. Kabla ya kulipa, andikiwa kiasi chote pamoja na sare, bima, mitihani na usafiri wa atachimenti, kwa kuwa ni hayo manne yanayowakatisha wengi masomo katikati.

Hatua ya tano: Jifunze kwa mikono

Darasani utafunzwa maumbile ya mwili, magonjwa, dawa, sheria na mawasiliano. Vyote ni muhimu, lakini ukifika barabarani saa nane za usiku utakachobaki nacho ni kile ambacho mikono yako imekizoea. Nitataja vichache ambavyo nakuta wanafunzi wamevipuuza.

Cha kwanza ni kuhesabu pumzi. Hiki ndicho kipimo kinachobuniwa kuliko vyote. Mwanafunzi humtazama mgonjwa mara moja kisha anaandika 18, kwa sababu anajua mtu mzima hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Lakini pumzi ndizo hubadilika mapema mgonjwa anapoanza kuzidiwa, mara nyingi kabla presha haijashuka. Shika kifundo cha mkono wake kama unayehesabu mapigo, kwa maana mtu akijua unazihesabu pumzi zake huzibadilisha bila kukusudia, kisha tazama kifua kwa sekunde 60 kamili. Fanya hivyo nyumbani kwa mama, kwa shangazi, kwa jirani anayetazama habari, hadi utakapoweza kuiona pumzi 28 kwa jicho kabla hujaihesabu.

Cha pili ni kubonyeza kifua. Kwa mtu mzima ni mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, kifua kikiachwa kirudi juu kabisa kila mara, mibonyezo 30 kwa pumzi 2, na wahudumu wakibadilishana kila dakika 2 hata kama aliyepo anasema hajachoka. Anayesema hajachoka huwa tayari anabonyeza sentimita 3. Aliyetolewa ziwani Dunga au kwenye mafuriko ya Nyando ni tofauti kidogo: moyo wake umesimama kwa kukosa hewa, kwa hiyo huyo huanziwa pumzi, kisha kifua.

Cha tatu, ambacho ndicho kigumu, ni mfuko wa kupulizia hewa. Kidole gumba na cha shahada hufanya umbo la herufi C juu ya barakoa, na vidole vitatu vilivyobaki hushika mfupa wa taya kama herufi E. Kosa la kila mwanafunzi ni kuigandamiza barakoa usoni. Taya ndiyo inayopaswa kuinuliwa iifuate barakoa. Ukigandamiza, ulimi hurudi nyuma, njia ya hewa hufungwa, na utasikia sauti ya hewa ikitoka pembeni mwa shavu kama tairi la baiskeli linalovuja. Mtu mzima mwenye mapigo lakini asiyepumua hupewa pumzi moja kila sekunde 6, taratibu, kiasi cha kifua kuinuka tu. Anayekamua mfuko mzima kwa nguvu huipeleka hewa tumboni, tumbo hurudisha chakula, na chakula huingia mapafuni. Mwalimu wangu alitukalisha na mfuko huo alasiri nzima, mmoja baada ya mwingine, na alikuwa akifumba macho asikilize tu ile sauti ya kuvuja. Hakukuruhusu kuinuka hadi isikike kimya.

Kisha damu. Kandamiza jeraha moja kwa moja. Damu ya mkono au mguu isiposimama, funga mshipi wa kubana sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, si juu ya kiungio kama goti au kiwiko, ukaze hadi damu ikome, na uandike saa. Na usiache mgonjwa apigwe na baridi. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, lakini Timboroa imepita mita 2,700, na aliyepoteza damu akalazwa kwenye nyasi zenye umande wa kule juu hupoteza joto upesi. Damu iliyopoa haigandi vizuri, kwa hiyo blanketi kwake ni tiba.

Kwa mama mjamzito aliyelazwa, kumbuka kumlaza ubavu wa kushoto, maana tumbo lililokua hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni. Kwa aliyeungua, maji yanayotiririka kwa dakika 20, wala si dawa ya meno wala unga. Kwa aliyeumwa na nyoka, usichanje, usifunge kamba. Mtulize, usimwache atembee, uondoke. Kwa kila aliyepoteza fahamu, pima sukari, kwa kuwa chini ya 4 kwenye mashine zetu kunaweza kufanana na ulevi, na kiharusi, na wazimu.

Hatua ya sita: Usalama wa mahali

Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, karibu na Molo. Watu wakaja na mitungi na ndoo kuchota petroli. Moto ulipolipuka, zaidi ya watu 100 walikufa. Ninalitaja kwa kila mwanafunzi, na si kwa ajili ya kuwalaumu waliokufa, waliokuwa maskini na waliokuwa wameiona petroli ikimwagika bure. Ninalitaja kwa sababu mhudumu naye huvutwa na mgonjwa kama wao walivyovutwa na mafuta yale: akimwona anayelia, macho yake huacha kuona kitu kingine.

Kwa hiyo jizoeze kutua kabla ya kushuka. Gari lisimame mbali, upande upepo unakotoka na juu ya mteremko kama kuna kitu kinachomwagika. Tazama juu kama waya za umeme zimekatika. Tazama chini. Tazama umati, uko na huzuni au una hasira, kwa maana dereva aliyegonga mtoto huenda ndiye atakayehitaji kuingizwa garini kwanza. Vaa glavu kabla mlango haujafunguliwa. Kama hujui kuogelea, huingii majini, hata kama anayezama ni mtoto. Rusha kamba, dumu tupu, tawi la mti, na uwaite wavuvi, ambao wanajua kazi hiyo kukushinda.

Ukichomwa na sindano au damu ikakuingia jichoni, osha kwa maji mengi, mwambie msimamizi wako siku hiyo hiyo, na uanze dawa za kinga ya virusi vya ukimwi mapema iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita. Humezwa kwa siku 28. Wanafunzi huficha jambo hili kwa kuogopa kukaripiwa. Tafadhali usilifiche.

Hatua ya saba: Atachimenti

Kasualti ya hospitali kubwa haina muda wa kumtafutia mwanafunzi kazi. Jitambulishe kwa muuguzi msimamizi, mwite Sista kama wenzake wanavyomwita, mwambie umefika kiwango gani na kitu gani hujawahi kukifanya. Omba kupima kila mgonjwa anayeingia. Ukifanya hivyo kwa wiki moja bila kukosea namba, ya pili utaitwa wewe kwanza. Kaa pia siku kadhaa wodi ya uzazi na uombe kushuhudia kuzaliwa kwa watoto wengi kadiri utakavyoruhusiwa, maana siku moja mtoto atakuja mkiwa kati ya Mau Summit na Molo, na mkunga utakuwa wewe.

Ndani ya ambulensi, jifunze hesabu ya oksijeni. Mimi niliijifunza vibaya. Nikiwa mwanafunzi tulitumwa kumchukua mzee mwenye nimonia kutoka hospitali ndogo kumpeleka kwenye kubwa, safari ya kama saa moja. Niliangalia geji ya mtungi, nikaona sindano haiko sifuri, nikasema iko sawa. Ilikuwa ikisoma bar 60 na mtungi wenyewe ni wa lita 5. Hesabu yake ni rahisi: 60 mara 5 ni lita 300, na mzee alikuwa akitumia lita 10 kwa dakika, kwa hiyo tulikuwa na dakika 30 kwa safari ya dakika 60. Katikati ya njia ule mfuko mdogo chini ya barakoa ulianza kunywea kila alipovuta pumzi, kisha haukujaa tena. Namba za oksijeni kwenye kipimo cha kidoleni mwake zikashuka kutoka 93 hadi 84. Tuliingia kwenye kituo cha afya kilichokuwa karibu, wakatuazima mtungi bila kuuliza swali, na mzee akafika akiwa hai. Mwenzangu hakunigombeza. Alinipa kalamu, akanifanya niiandike hesabu ile nyuma ya mkono wangu, na tangu hapo siondoki hospitalini bila kuifanya kwa sauti, na kuongeza nusu ya muda wa safari kama akiba.

Jifunze pia kumkabidhi mgonjwa. Daktari wa zamu ana nusu dakika ya kukusikiliza vizuri. Mpe umri na kilichotokea, ulichokikuta, vipimo vya kwanza na vya mwisho, na ulichofanya pamoja na saa zake. Hadithi ya safari ibakie kwa fomu, ambayo utaijaza kabla ya kunywa chai.

Neno moja kuhusu lugha. Utamhudumia Mluo, Mluhya, Mkalenjin, Mkisii, Mkikuyu, na bibi mzee mwenye maumivu hurudi kwenye lugha ya mama yake. Waombe wenzako wakufunze katika lugha hizo maswali matatu tu: unaumia wapi, tangu lini, na umekula au kunywa dawa gani.

Hatua ya nane: Mtihani na kazi

Mtihani wa vitendo hufeliwa kwa kunyamaza. Mtahini hawezi kuona unachofikiri, kwa hiyo sema: mahali ni salama, nimevaa glavu, naangalia damu inayomwagika, sasa njia ya hewa, sasa pumzi. Cheti cha ufufuaji wa moyo cha mtindo wa Kimarekani hudumu miaka 2, na waajiri hukagua tarehe yake. Kihuishe kabla hakijaisha muda.

Nafasi za kaunti si nyingi, na nyingi ni za mkataba, kwa hiyo usiweke macho huko pekee. Kuna mashirika ya ambulensi, hospitali za binafsi na za misheni, mashamba ya maua ya Naivasha, mitambo ya mvuke ya Olkaria, mashamba ya chai ya Kericho na viwanda vya sukari vya ukanda wa Nyando. Leseni ya kuendesha gari humwongezea mwombaji uzito, hasa katika vikosi vidogo. Na tafuta mapema mtu mmoja wa kazi hii hii unayeweza kumpigia simu baada ya wito uliokuwa na mtoto aliyekufa. Mwenzi wako wa nyumbani atakuhurumia, lakini mwenzako wa kazi atajua akuulize nini.

Siku ya zamu ya kwanza, fika nusu saa kabla ya waliokesha kuondoka. Fungua kila droo mwenyewe hata ukiambiwa gari liko tayari. Washa mashine ya kuvuta matapishi uisikie ikivuta. Washa mashine ya kushtua moyo uone betri. Hesabu glavu, shashi, dripu, mipira ya hewa ya kila saizi, na vifaa vya kuzalishia. Kunja na kukunjua machela mara mbili, kwa kuwa kila machela ina ukaidi wake. Kisha fungua mtungi wa oksijeni, soma geji, zidisha kwa lita za mtungi, ugawanye kwa 10, na uandike dakika hizo kwenye daftari la gari kabla hujatia sahihi yako.